Presha ya Mama Mdogo

Suneka,
2 Juni 2025

Kwa Mama Mdogo Bathsheba,

Pokea salamu kutoka Suneka, wewe na Baba Mdogo Onchiri, na pia huyo ng'ombe wenu ambaye nasikia amezaa ndama jike. Mimi ni mzima. Mama huko Nyamache ni mzima pia. Juzi alinipigia simu kuniambia mvua imeharibu njia ya kupeleka majani ya chai kituoni, kisha akamsema shemeji yake nusu saa bila kupumua, kwa hivyo najua haumwi popote.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu wewe husema simu ni ya kuuliza "uko wapi", na habari yenye kichwa na miguu huandikwa. Na nakuandikia kwa Kiswahili, ingawa tukionana tunaongea Ekegusii, kwa sababu Kiswahili ndicho kinachonisumbua na wewe umekifundisha miaka thelathini na tatu.

Nimepata kazi! Ni ya miezi sita, kwenye mradi wa utafiti. Tunaenda nyumba kwa nyumba na simu kubwa ya kazi. Simu yenyewe inachagua mtu mzima mmoja katika kila nyumba, nasi tunamuuliza maswali kuhusu afya ya akili: analalaje, anakulaje, kama daktari aliwahi kumwambia ana ugonjwa wa akili, kama kuna dawa anameza. Wanataka kujua ni watu wangapi, si huko hospitalini bali huku manyumbani, kwa watu wa kawaida.

Sasa shida. Kwenye maswali wameandika "unyogovu". Juzi nilimuuliza mzee mmoja kama amewahi kuambiwa ana unyogovu. Akasema, "Ndiyo, tena umeniharibia sana." Akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba, akanionyesha migomba mitatu iliyokauka. Alisikia mnyauko! Mwenzangu mmoja kazini, anaitwa Geoffrey, alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani.

Maswali ingine ni magumu zaidi. Kuna moja linauliza, "Je, umepoteza raha katika kufanya mambo?" Mama mmoja alikuwa anachambua mboga za chinsaga, akaniangalia hivi, akasema, "Raha gani?" Nikakosa la kujaza.

Nisaidie, Mama Mdogo. Ungemuulizaje mtu wa kwetu swali kama hilo akaelewa?

Mwanao,
Linet


Manga,
14 Juni 2025

Mpendwa Linet,

Barua yako nimeipata jana, Ijumaa, siku ninayopita shuleni kuangalia sanduku la posta. Nilistaafu mwaka jana lakini mwalimu mkuu bado ananiachia barua zangu, na mimi bado namwachia maoni yangu.

Nyumbani ni kuzuri. Ndama ni mweusi mwenye alama nyeupe kwenye paji. Baba yako mdogo anamtembeza uwanjani kama mtu aliyepata gari jipya. Hata mimi sijambo. Nilikwenda Kisii wiki jana kuchukua dawa zangu za presha na daktari akasema niko sawa.

Hongera kwa kazi. Umeandika "maswali ingine". Ni "maswali mengine". Nimeweka mstari mwekundu nikakurudishia ukurasa huo ndani ya bahasha, uutunze.

Kuhusu swali lako. Usimuulize mtu kama ana raha. Watu wetu hawakai wakijipima raha. Muulize kama kuna kitu alikuwa akikifanya bila kusukumwa, na sasa lazima ajisukume. Muulize kama chai siku hizi ni maji ya moto tu. Kuna watu wanasikia wenzao wakicheka sebuleni na wanaona kama kicheko hicho kinatoka ng'ambo ya bonde. Wanajua kilikuwa chao pia, lakini hawajui njia ya kukifikia. Mwingine anavaa, anafagia, anasalimia watu wote njiani, na bado hajaamka. Ukimuuliza hivyo mtu mwenye tatizo hilo, ataacha kuchambua mboga.

Haya ni mambo niliyosoma mahali fulani.

Na huyo Geoffrey anayekaa kwenye majani ni wa wapi?

Mama yako mdogo,
Bathsheba


Suneka,
6 Julai 2025

Kwa Mama Mdogo,

Natumaini wewe na Baba Mdogo mko vizuri, na ndama pia. Mimi nimeungua jua mpaka Mama aliponiona aliuliza kama ni mimi au ni mtu ametumwa.

Maneno yako ni dawa! Msimamizi wetu, Damaris, aliyasoma, akayapeleka ofisini, wakakubali tuyatumie kueleza baada ya kusoma swali lilivyo. Nilipofika pale kwa chai na maji ya moto, bibi mmoja aliweka jembe chini akasema, "Nani amekuambia?" Sasa wenzangu wananiita Mwalimu. Nimewaambia mwalimu yuko Manga.

Geoffrey ni wa Keroka. Ni mwenzangu tu.

Lakini kuna jambo limenishangaza, na majina siwezi kutaja maana tumekula kiapo. Wale tunaokuta wanameza dawa za huzuni si wale niliowadhania. Wiki hii nimekutana na mama mmoja, nyumba ya mawe, mume mpole, watoto wamesoma wakamaliza. Anameza vidonge mwaka wa tatu. Nilijaza fomu yangu kwa adabu, lakini njiani nikamwambia Geoffrey, huzuni ya nini sasa? Watu wa siku hizi hata huzuni wanaitafutia kidonge. Bibi yetu alizika watoto watatu na alikuwa analima. Huyo mama angechukua jembe wiki mbili angesahau hata jina la hizo dawa. Geoffrey akawa anaangalia mlima tu.

Niandikie upesi. Nataka pia unieleze tofauti ya "huzuni" na "majonzi", Damaris anauliza.

Mwanao,
Linet


Suneka,
24 Agosti 2025

Kwa Mama Mdogo Bathsheba,

Nakusalimu tena, na sijui kama salamu zangu zinafika. Ni wiki saba. Nilidhani shule zimefungwa na barua imelala sandukuni. Nimepiga simu mara tatu, na mara zote Baba Mdogo ndiye anaipokea, anasema umelala, presha imepanda. Jana nilimuuliza imepanda kiasi gani, akasema, "Mtoto, hata mimi naogopa kuuliza." Sijawahi kumsikia akiongea hivyo.

Nije? Sema neno moja tu nitakuja. Na kama nimekukosea kitu, niambie ni kipi.

Linet


Manga,
9 Septemba 2025

Linet mwanangu,

Leo nimekaa nje kwenye kiti tangu saa nne, jua ni zuri, na Baba yako mdogo amepeleka majani kituoni. Ndama ameachishwa kunyonya na analalamika kijiji kizima kinasikia. Nimekunywa chai vikombe viwili. Naanza na hayo ili ujue kwamba anayekuandikia yuko sawa, kisha usome yaliyobaki bila kulia.

Sina presha. Sijawahi kuwa nayo. Huyo mama wa nyumba ya mawe, mume mpole, watoto waliomaliza shule, si mimi uliyemkuta Suneka, lakini ni mimi.

Ilikuwa mwaka wa 2019. Nilisimama mbele ya darasa la saba, nikaandika tarehe ubaoni, na neno la pili likakataa. Si kwamba nilikuwa nimelisahau. Niliona tu kuwa kuliandika ni kazi kubwa kuliko nguvu zote nilizo nazo. Nikaweka chaki chini nikatoka nje. Hakuna aliyekuwa amekufa, Linet. Hakuna aliyekuwa amenidhulumu. Ningekuwa na sababu ningeitaja, na watu wangeniletea uji. Aibu yangu ilikuwa kwamba sina sababu.

Huko Kisii nilimpata daktari mmoja mwanamke, mtaratibu, akaniuliza maswali yanayofanana na yako. Akanipa dawa na akanipa mtu wa kuzungumza naye kila wiki mbili. Wiki ya sita hivi, nikiwa kanisani, mhubiri alisema "mambo mbaya". Mimi nikasema moyoni, "Mambo mabaya." Hapo nikajua nimerudi.

Siku ile ya kwanza nilipofika nyumbani na mfuko wa dawa, Baba yako mdogo alikuwa mlangoni. "Daktari amesema nini?" Nikasema neno la kwanza lililopita: presha. "Amekukataza nini?" Nikasema, nipunguze chumvi. Unajua alichofanya? Alichukua mkebe wa chumvi akampelekea jirani. Akasema, "Kama wewe huli, mimi nitakula ya nini?" Miaka sita, Linet. Wenzake wa kiwandani alikokuwa akifanya kazi waliniambia kwamba hata kwenye harusi, hata mimi nisipokuwepo, anauliza kwanza kama chakula kina chumvi. Sasa utamwambiaje mtu kama huyo?

Barua yako ya Julai niliisoma mara tatu. Nikasema, mtoto amesema kweli, nichukue jembe. Nikaacha vidonge siku hiyo hiyo. Siku ya nne kichwa kikawa kama redio inayotafuta stesheni, kila nikigeuka shoti kama ya umeme inapita. Baadaye hiyo ikaisha, ikarudi ile hali ya zamani. Niliingia kwenye shamba la chai na kikapu asubuhi, na Baba yako mdogo alinikuta saa nane nimesimama palepale, kikapu kitupu. Akaniita, nikamsikia, nikashindwa kugeuka.

Alikodi gari akanipeleka Kisii. Nikamwambia angoje nje. Daktari alinigombeza kama mwanafunzi. Alisema dawa hizi haziachwi kama mtu anavyoacha sukari. Ukitaka kuacha unamwambia, mnapunguza pamoja polepole, naye anakuangalia. Nimezirudia. Leo ni wiki ya nne.

Sikulaumu. Uliandika unachofikiri, na mimi ndiye niliyekufundisha kuandika unachofikiri. Ila nimechoka kuwa na siri na mtu anayenipikia.

Mama yako mdogo,
Bathsheba


Suneka,
13 Septemba 2025

Mama Mdogo wangu,

Uliniambia nisilie na sikutii. Nimeisoma barua yako kwenye ngazi ya duka la dawa la hapa sokoni, mwenye duka akatoka akanipa karatasi ya kufutia macho na akaniuliza nimefiwa na nani. Nikamwambia hakuna, nimepata barua nzuri. Akaniangalia kama mtu wa kuandikwa kwenye fomu yetu.

Nisamehe. Sitaki kutafuta maneno mengi. Miezi mitatu nimekuwa nikiingia kwenye nyumba za watu, wananifungulia kifua chao, nami nikitoka nje ya ua nawahukumu. Na Geoffrey nimemuuliza kwa nini siku ile alinyamaza. Akasema dada yake anazimeza tangu alipojifungua, na kwamba kabla ya hapo walikuwa wanamfungia mlango asije akatoka usiku wakiwa wamelala. Alisema, "Ulikuwa unaongea vizuri, nikakuacha." Tangu wakati huo sijaongea vizuri tena, nasikiliza tu.

Idadi siwezi kukuambia, bado wanahesabu ofisini. Lakini nyumba nilizoingia mwenyewe zinapita mia tatu, na nikikuambia hauko peke yako ujue sikupi maneno ya kufariji tu.

Sasa sikia jambo lingine. Oktoba tunahamia Nyamira, na Manga imo kwenye orodha. Mimi sitakuja upande wenu, kwa sababu haturuhusiwi kumuuliza ndugu. Atakayekuja huenda ni Geoffrey. Hajui lolote kuhusu wewe isipokuwa kwamba unasahihisha barua. Ukimkataa ni haki yako, atashukuru na kuondoka. Siri yako sitamwambia Baba Mdogo wala mtu yeyote, hata Mama. Wewe ndiye utakayejua siku yako ya kuisema.

Kula vizuri. Meza dawa.

Mwanao anayekupenda,
Linet


Manga,
2 Novemba 2025

Linet mpenzi,

Amani iwe kwako na kwa wote wanaokutazama ukiungua jua. Mama yako alikuja Jumapili iliyopita na ndizi mkungu mzima, akakaa mpaka jioni. Nimemweleza kila kitu mwenyewe. Alinyamaza dakika tano, jambo ambalo sijaliona tangu tuzaliwe.

Lakini nianze na Alhamisi moja ya mwezi uliopita. Geoffrey alifika saa tatu asubuhi, viatu vimejaa matope, akabisha hodi kama mtu aliyelelewa. Simu yake ikachagua. Kati ya watu wawili wa nyumba hii, ikanichagua mimi. Akasema mahojiano ni ya faragha, na Baba yako mdogo akainuka kwenda kwa ng'ombe.

Nikasema, "Onchiri, kaa."

Geoffrey akaanza, "Mama, utaratibu wetu ni kwamba..."

"Funga simu yako kwanza, kijana. Nina neno na mume wangu, halafu utaendelea na utaratibu wako."

Akaifunga. Baba yako mdogo akakaa ukingoni mwa kiti, kofia mkononi.

"Mimi sina presha," nikamwambia.

"Imepona?"

"Haijawahi kuwepo."

"Na zile dawa?"

Linet, miaka thelathini na tatu nimefundisha Kiswahili, na pale nilikosa neno. Nikarudi kwenye Ekegusii, nikamweleza ya ubao, ya chaki, ya kikapu kitupu. Nikamwambia nisipozimeza nawasikia watu wote kwa mbali, hata yeye. Alisikiliza akiizungusha kofia. Nilipomaliza, akaiweka gotini.

"Miaka sita?"

"Sita."

"Bila chumvi?"

Geoffrey akageuka akawa anaangalia kuku. Baba yako mdogo akavaa kofia, akatoka, akapita geti bila kulifunga. Nikajua nimemwumiza. Geoffrey akauliza kwa sauti ndogo kama arudi siku nyingine. Nikamwambia, "Uliza." Nikamjibu yote, moja baada ya jingine, na alipofika kwenye chai ya maji ya moto nilimwambia aruke, hilo nimelitunga mimi. Hakuruka. Alisema sharti ni sharti. Kijana huyo anafaa, na sikusema anafaa kwa kazi.

Tulipokuwa tunamaliza, Baba yako mdogo akarudi na pakiti mbili za chumvi, na uso wa mtu aliyekwenda kugombana akakuta duka. Akaziweka mezani. Akamwambia Geoffrey, "Sasa niulize na mimi." Geoffrey akaeleza kwamba mashine imechagua mtu mmoja tu. Akasema, "Mashine hiyo haina akili," akaingia jikoni. Mchana huo tulikula chinsaga na ugali wetu wa obokima, na mtu mzima wa miaka sitini na sita alifumba macho akitafuna.

Kesho yake asubuhi akanifuata kwenye chai. "Yale maswali unayakumbuka?" Nikasema nayakumbuka, nusu ni yangu. Basi nikawa nachuma huku nauliza, naye anachuma huku anajibu. Hamu ya kazi, anayo. Chakula, anacheka. Nikafika kwenye usingizi.

"Hapo sina," akasema.

"Tangu lini? Tangu ustaafu kiwandani?"

"Tangu 2019."

Nikaacha kuchuma. Akaendelea yeye, bila kuniangalia. "Uliposema presha, nilisikia kwamba watu wa presha huondoka usingizini. Sasa nikawa nalala upande wa mlango nikisikiliza kama unapumua. Ukinyamaza nakugusa. Ukigeuka, nalala kidogo."

Nilikuwa nadhani ni mimi tu niliyekuwa na siri katika nyumba hii. Nilimshika mkono palepale katikati ya majani ya chai, na jirani akapita njiani akasalimia, tukamwitikia tukiwa bado tumeshikana kama watoto.

Alhamisi iliyopita tulikwenda Kisii wawili. Safari hii hakungoja nje. Daktari alimsikiliza kwa muda mrefu, akamwambia kwa sasa hampi dawa, ila arudi baada ya mwezi waongee tena, na apunguze chai ya usiku. Mimi zangu naendelea nazo, mwakani tutaona. Tulipotoka alimuuliza mwenye kibanda cha mahindi kama ana chumvi na pilipili, akapakiwa za kutosha.

Kwa hivyo usiwe na wasiwasi na sisi. Ila nina shida moja na sijui nimpelekee daktari gani. Tangu siku ile kwenye chai, Baba yako mdogo akiweka kichwa chini anakoroma mpaka ndama anaitikia nje. Sasa ni mimi ninayekaa macho.

Mama yako mdogo,
Bathsheba